Mume, mke na mashua katika visiwa vya Karibi

Mtu akisikia kuwa mume na mke wamekaa miezi mingi ndani ya mashua katika visiwa vya Karibi, humjia picha ya watu walionyoosha miguu chini ya mnazi wakingojea kuletewa madafu. Madafu yapo, na ni matamu. Lakini siku zetu nyingi, mimi na Baba Salma, tulizimaliza kwa kuhesabu maji.

Sisi ni wenyeji wa Tanga tulioishi Uingereza miaka mingi. Watoto walipokwisha kuwa na majumba yao, tulinunua mashua ya matanga ya futi 36, iliyokwisha kutumika, tukaifuata Grenada mwezi wa Novemba 2023. Tangi lake lilichukua lita 300. Kwa watu wawili wanaotumia lita 20 kwa siku, hizo ni siku 15 tu. Baada ya hapo utafute gati au uombe mvua. Vyombo tulivisugua kwa maji ya bahari, tukavisuuza kwa kikombe cha maji matamu. Umeme ulitoka juani. Mawingu yakitanda siku mbili, jokofu lilizimwa, na samaki akaliwa siku ile ile au akatiwa chumvi.

Kwetu pwani tumezoea kaskazi na kusi kupokezana. Huko upepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima, na katika miezi ya Desemba hadi Machi huzidi nguvu, ukivuta kidogo upande wa kaskazini. Kwa hiyo mashua zote zilizotia nanga huelekeza omo upande mmoja, mfano wa watu waliopanga safu. Kibla nacho, kwa aliye Grenada, kiko mashariki kikivuta kaskazini. Siku nyingi omo ndiyo iliyotuonyesha pa kuelekea, ingawa upepo ukigeuka kidogo tu mashua huzunguka, na aliyeanza swala vizuri hujikuta ametazama pembeni.

Katika soko la St George's ungedhani uko Ngamiani. Kuna mdalasini, manjano, tangawizi, na kungumanga, ambayo Wagrenada wameichora hata katika bendera ya nchi yao. Chakula chao wanachojivunia huitwa oil down: shelisheli, majani ya magimbi na manjano, vyote vikipikwa kwa tui la nazi mpaka tui likauke na kubakiza mafuta. Aghalabu hutiwa nyama ya nguruwe, basi muulize mpishi kwanza; wapo wanaopika kwa samaki wa chumvi, na huyo ndiye tuliyemla. Shelisheli lenyewe si la huko. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, William Bligh, alileta miche yake St Vincent kutoka Tahiti, ili watumwa wa mashamba ya miwa walishwe kwa gharama ndogo. Nilipolijua hilo, kile chakula kilinipita kooni kwa namna nyingine.

Kazi inayoifichua ndoa ya watu ni kutia nanga. Mmoja husimama omo na mnyororo, mwingine hushika usukani tezi, katikati kuna upepo na ngurumo ya injini, wala hakuna anayemsikia mwenzake. Kwenye kina cha pima tatu hutakiwa mnyororo wa pima 15 au zaidi, na mashua irudi nyuma polepole mpaka nanga ishike. Tuliwaona wengi wakifokeana mbele ya ghuba nzima. Sisi tulikubaliana ishara za mikono, na usukani nikaushika mimi, kwa kuwa mnyororo unataka mgongo wenye nguvu. Usiku upepo ukipanda tulikesha kwa zamu, nanga isije ikakokota. Nyumbani watu wakikosana, mmoja huenda chumba cha pili au kwa jirani. Katika mashua aliyenuna huishia omo, na huko pia anasikika akipumua.

Tulikosana hasa mwezi wa Juni. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Tulikuwa Tyrrel Bay, katika Carriacou, kisiwa kidogo kaskazini ya Grenada. Pembeni mwa ghuba hiyo kuna hori la mikoko ambamo mashua hujificha dhoruba zinapokuja. Baba Salma alitaka tubaki. Vimbunga vikubwa, alisema, ni vya Agosti na Septemba. Hata Ivan ilipiga Grenada Septemba 2004. Mimi nilisema mikoko huzuia mawimbi, haizuii upepo, na mashua ya jirani ikikata kamba itakuangukia wewe. Tulibishana siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mama Salma, ukilala kwa hofu nami silali. Twende."

Tulishuka hadi Grenada, kisha tukasafiri usiku kucha, maili 80 hivi za baharini, hadi Chaguaramas, Trinidad, mahali ambapo vimbunga hupita kwa nadra. Tukaiwahi Idi ya kuchinja pamoja na Waislamu wa huko, wengi wao wakiwa wazao wa vibarua walioletwa kutoka India katika karne ya 19.

Julai 1, 2024, Kimbunga Beryl kilipiga Carriacou moja kwa moja kikiwa cha daraja la 4. Karibu kila nyumba ya kisiwa iliharibika. Katika hori lile la mikoko mashua nyingi ziligongana, zikapinduka, zikalaliana. Baadaye kilifikia daraja la 5, na katika Atlantiki haijawahi kuandikwa dhoruba ya daraja hilo mapema namna ile katika mwaka.

Baba Salma aliketi tezi, simu mkononi, akimpigia mama mmoja wa Carriacou aliyekuwa akituuzia shelisheli. Hakupokea siku ile wala wiki ile. Mashua zilipoanza kupeleka misaada, nasi tulipakia maji, mchele, maturubai na misumari, tukarudi kaskazini. Mikoko ya Tyrrel Bay haikuwa na jani. Mama yule tulimkuta kwenye sakafu ya nyumba yake, juu hakuna kitu ila mbingu. Alitukumbatia, akautazama mchele, akauweka kando, akauliza kama tumekuja na misumari.