Kahawa Huiva Maji Yakipungua

Kahawa ya Mbinga huiva wakati mgumu kwa maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Mavuno hupamba moto kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ambayo vijito vya milima yetu ya Umatengo huwa vyembamba. Na tunda likishachumwa halingoji, linatakiwa kumenywa siku ileile. Mimi nimekuwa msimamizi wa mtambo wa kumenyea kahawa mbivu wa chama chetu cha msingi, na nashuhudia kwamba upo mwaka ambao maji yalikaribia kukiua chama hicho.

Kwetu ni Liuli, bandari ndogo ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, jirani na jiwe la Pomonda. Watu wakisikia natoka kando ya Ziwa Nyasa, lenye kina cha kufikia mita 700, hushangaa nikitaja uhaba wa maji. Lakini uso wa ziwa hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kahawa ya chama iko milimani, mita 1,300 na zaidi. Hakuna chama cha wakulima wadogo kinachoweza kulipia dizeli ya kupandisha maji hayo. Tunaishi kwa kijito, na kijito kile kile, kikishatoka kwetu, kinashuka kupitia vijiji kadhaa hadi bustani za mboga za akina mama huko chini, mama yangu akiwa mmoja wao.

Mwaka ninaousema mvua zilikatika mapema. Mtambo wetu ulikuwa wa mtindo wa zamani: maji yanaingia, yanasukuma matunda, yanabeba maganda, yanaosha mbegu mferejini, yanatoka. Mitambo ya aina hiyo hutumia kama lita 20 kwa kila kilo ya kahawa mbivu, na kilo moja ya kahawa safi inahitaji kilo tano hadi sita za mbivu. Piga hesabu uone kilo moja inayosafirishwa Ulaya au Japani imekunywa maji kiasi gani kabla haijafika hata mnadani.

Katikati ya Julai banio letu la kijitoni likashindwa kujaza tangi. Matunda yalilala kwenye magunia. Yaliyokwisha kumenywa yalikaa kwenye matangi ya kuchachushia kupita muda wake, kwa kuwa maji ya kuondoa ulenda hayakuwepo. Kahawa ikanuka, na mbegu chache zilizooza zinatosha kuharibu ladha ya gunia zima. Mnunuzi aliyekuwa na mkataba nasi alionja sampuli akakataa shehena. Tukaipeleka mnadani ikanunuliwa kwa bei ya chini, na malipo ya pili, ambayo wakulima huyategemea kwa ada za shule na pembejeo, hayakutoka. Mzee mmoja mwanachama alikuja ofisini, hakupaza sauti, akaniuliza: "Binti wa ziwani, mtoto nimwambieje?" Msimu uliofuata wengine waliuza kahawa ikingali mtini, ile biashara ya magoma, kwa bei anayoitaka mwenye pesa.

Mama alinipigia simu siku zile zile. "Mwanangu, kijito kimekatika. Huko juu mnayafanyia nini maji?" Watu wa kijiji kilicho chini yetu kidogo walikuwa na shida nyingine: maji machache yaliyowafikia yalikuwa yametoka kwetu. Majitaka ya kahawa yana sukari na tindikali. Vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa iliyomo majini na samaki hufa. Mto ukijaa, uchafu huo huzimuliwa. Mwaka ule haukuzimuliwa na chochote. Usiku mmoja vijana wakaja kung'oa mbao za banio letu, na sikuweza kuwachukia.

Kibali tulikuwa nacho. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtumiaji kama sisi awe na kibali cha bodi ya bonde, na bodi ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Chetu kilikuwa halali, kimetundikwa ukutani. Hakikuwa na neno la kumjibu mama aliyesimama mlangoni na ndoo tupu.

Walioanza kututoa pale ni wazee. Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, baraza la kula pamoja na kuamua mambo ya ntambo, yaani mlima wa ukoo uliozungukwa na vijito. Wazee wakaita kikao cha namna hiyo, wakataka na watu wa vijiji vya chini waje. Sisi tulifika na bei ya mtambo mpya mkononi. Wao wakasema mashine isubiri, kwanza zigawanywe saa za maji. Tukakubaliana: mchana kijito ni cha vijiji, sisi tunajaza matangi usiku, na hata usiku lazima maji fulani yaachwe yapite. Naamini kabisa kwamba bila makubaliano yale mashine yoyote ingeng'olewa kama mbao.

Ufundi ulifuata. Maji yaliyotumika sasa hurudishwa kwa pampu kusukuma matunda mapya, na maji safi hubaki kwa suuza ya mwisho. Kwa njia hiyo matumizi hushuka hadi kwenye lita tano hivi kwa kilo. Majitaka huingia mashimoni, mbali na kijito, na kutiwa chokaa. Maganda huoza kuwa mbolea. Siku maji yakigoma, matunda hukaushwa mazima juu ya vichanja.

Kigumu zaidi kiko juu ya banio. Ngoro, yale mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko mikali, hushika mvua na kuiacha izame ardhini taratibu, nayo ndiyo inayolisha chemchemi wakati wa kiangazi. Panapoachwa ngoro na kupandwa mikaratusi kandokando ya chanzo, kijito hudhoofu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo, lakini ile mikaratusi ni ya wanachama wetu, na kila mti ni mbao za mtu au karo ya mtu.

Uhaba huu si wetu peke yetu: Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji na wenye biashara wakawa wanasubiri maboza. Kwenye vitabu vya kampuni maji ni ankara ndogo, kwa hiyo hayaulizwi mpaka yakosekane. Wanunuzi wa kahawa hututumia wataalamu wa kuonja kikombe. Nawaomba watume na mtu wa kutembea hadi banioni mwezi Agosti, kisha ashuke na kijito hadi Liuli akawaulize wanaoteka. Mnunuzi tuliye naye sasa amefanya hivyo, na mkataba wake unatenga fedha kwa kila kilo kwa ajili ya chanzo, zikisimamiwa na kamati ya vijiji vya juu na vya chini. Kikao kijacho kinafanyika Liuli, na hoja ya kwanza ni fidia ya wenye mikaratusi.