Kabla ya Kuanza Upya, Tuulize Mafaili Yako Wapi

Mafundi wa kompyuta wa mijini kwetu wana kauli moja ambayo karibu kila mwenye kompyuta amewahi kuisikia: "Hii tunapiga Windows tu." Maana yake ni kwamba mfumo endeshi wa zamani utafutwa, utawekwa mpya, na mashine iliyokataa kuwaka itawaka. Mara nyingi huwa hivyo. Ila kauli hiyo haisemi kwamba diski ikifutwa yote, vilivyomo navyo vinakwenda.

Niliisikia nilipomsindikiza mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu awasilishe tasnifu. Kompyuta yake mpakato iliwaka taa, ikaonesha nembo ya mtengenezaji, kisha ikaganda hapo hapo. Ndani yake zilikuwamo sauti za wazee aliowahoji mkoani Dodoma kuhusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Wawili kati yao walikwisha kufariki. Sura za tasnifu alikuwa amezituma kwenye barua pepe, lakini sauti zilikuwa nzito mno kwa kifurushi cha intaneti cha mwanafunzi.

"Dada, saa moja tu unaondoka nayo," fundi alimwambia. "Itakuwa kama mpya."

"Na mafaili yangu?"

"Hayo ndiyo yatakwenda. Lakini mashine itapona."

Tukashukuru, tukaondoka na mashine yetu. Kompyuta kutowaka ni jambo moja, na mafaili kupotea ni jambo jingine. Bawabu akiugua, mlango hubaki umefungwa, lakini vyombo vya ndani viko palepale. Anayevunja nyumba ili aweke bawabu mwingine hajatibu chochote.

Fundi wa pili alianza kwa kuuliza: "Humu ndani kuna nini ambacho hakipo kwingine?" Alichomoa chaja, akaitenganisha betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia uishe, kisha akajaribu tena. Haikusaidia, naye hakung'ang'ania. Akaiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo unaoweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe bila kuifuta diski. Folda zikaonekana. Akazinakili kwenye diski ya nje, akafungua sauti moja kuhakikisha. Tukamsikia mzee akikohoa, kisha akaanza kueleza siku waliyohamishwa. Hapo tu ndipo alipopiga Windows.

Alitueleza kwamba njia hiyo ingeshindikana, angeitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Diski ingekuwa inatoa mlio wa kugonga-gonga, angeizima mara moja, kwa kuwa iliyoumia huzidi kuumia kadiri inavyozunguka. Na kama ingekuwa imefungwa kwa BitLocker, tungehitaji ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila huo mafaili yasingesomeka.

Tofauti hii kati ya mashine na vilivyomo ilionekana dunia nzima tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipozizuia kompyuta za Windows kuwaka. Kwa makadirio ya Microsoft, zilikuwa takriban milioni 8.5. Ndege hazikuruka, na hospitali na benki zikakwama. Hata hivyo mafaili ya wenye kompyuta yalikuwa salama. Mafundi waliziwasha katika hali salama, mara nyingi moja baada ya nyingine, wakafuta faili lile lenye kasoro. Kazi ilikuwa ya kuchosha, lakini haikulazimu kufuta kila kitu.

Simlaumu fundi wa kwanza. Analipwa ili mashine iwake, na mteja akiona kioo kinang'aa hulipa na kuondoka. Kumbukumbu haina anayeilipia, na hilo haliishii kwenye vibanda vya mafundi. Ni ofisi ngapi za umma ambamo mkuu mpya huingia na mpango mpya, fomu mpya na kaulimbiu mpya, huku majalada ya mtangulizi wake yakioza stoo? Wazee wale wa Dodoma walisimulia nyumba zilizobomolewa ili wenyewe wasirudi walikotoka. Nao waliambiwa kwamba wanaanza upya.

Vyuo vyetu vinamdai mwanafunzi takwimu alizokusanya mwenyewe uwandani, lakini mara nyingi humwachia azihifadhi kwenye mashine moja aliyoinunua kwa kujinyima. Sauti ya mzee aliyefariki si mali ya mwanafunzi peke yake. Chuo kinachoweza kujenga ukumbi kinaweza pia kutenga hifadhi ambamo kila utafiti wa uwandani utaachwa nakala kabla hata uchambuzi haujaanza.

Hadi hapo, ndugu msomaji, weka nakala mbili za kile usichoweza kukipata tena, moja ikae mbali na kompyuta yako. Na yeyote atakayekuahidi upya, awe fundi au kiongozi, muulize kwanza mafaili yatakuwa wapi. Akikosa jibu, chukua mashine yako uende kwa mwingine.