Jinzi ya Ulaya, Kiuno cha Masoko

Wengi wanaoteremka Masoko kutoka Tukuyu hufuata ziwa. Ni Ziwa Kisiba, maji yaliyojaa kwenye shimo la volkano, na wenyeji watakusimulia jinsi Wajerumani, Vita Kuu ya Kwanza ilipowazidia, walivyotupa humo silaha na hela zao. Ukweli wake maji yenyewe ndiyo yanaujua. Mimi, msomaji wangu, macho yalinasa kwenye cherehani.

Fundi yuko barazani, tepu shingoni. Nilitegemea kumkuta na vitenge. Wapi! Mbele yake lundo la jinzi na makoti, mitumba mitupu. Tangu serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, hizi "kafa Ulaya" zimepanda hadi milimani huku, na kwa baridi ya Rungwe nani atakataa sweta zito? Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa pole pole. Mnazivaa bado, na mie pia.

Ubaya wake, suruali ilikatwa kwa jitu la futi sita na ushee. Kijana wa hapa akiivaa, kiunoni wanaingia wawili, miguu inafagia tope. Hapo ndipo fundi anapopata hela ya ndizi: anafumua mshono wa nyuma kwa wembe, taratibu asitoboe kitambaa, anapunguza kiuno, anakata pindo. Koti ndiyo balaa, maana mabega yake ukiyagusa umegusa koti zima.

Nilimwamkia, nikamuuliza kipi kinalipa. Akasema kupunguza ndiko kunakomlisha kila siku, ila pesa ya maana iko kwenye sare za kwaya na harusi. Ni kweli bwana, chambua belo hadi kesho, hutapata magauni ishirini ya rangi moja! Hapo lazima kifua, kiuno na nyonga viandikwe kwenye daftari, mtu mmoja mmoja.

Sasa kuna dogo anajifunza kwake. Kufumua anajua, tena mwepesi kweli. Kitambaa kizima bado hajawahi kukitia mkasi. Mzee huyu akichoka, bibi harusi wa Masoko itabidi apande gari hadi Tukuyu kupimwa.

Ukiwa na jinzi ya kupunguza, nenda asubuhi. Mchana mvua ikishika, cherehani inaingizwa ndani.