Saa Tatu ya Nani? Siku Moja na Mtafiti wa Nyangumi Kizimkazi

Kuna mambo mawili sikuwahi kuyapanga maishani mwangu: kuamka saa kumi alfajiri siku ya Jumamosi, na kununa juu ya boti katikati ya Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa Agosti niliyafanya yote mawili, tena siku moja, tena na mume wangu pembeni.

Mwaliko ulitoka kwa mwanabiolojia wa bahari ambaye pale kijijini kila mtu anamwita Dokta, basi nami nitamwita hivyo hivyo. Ni mama wa makamo, mpole, mwenye kofia pana na kauli fupi. Nilimwomba nimfuate kazini ili niwaandikie nyie. Akanijibu kwamba boti ina nafasi mbili, ila kwa sharti moja: hakuna abiria. Kila anayepanda anafanya kazi.

Nafasi mbili! Ningekuwa na akili ningemchukua shosti wangu wa ofisini. Maana wiki ile nyumbani hali ya hewa ilikuwa mbaya kuliko baharini. Mume wangu alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, cheo kikubwa zaidi, na Jumatatu alitakiwa kutoa jibu. Kazi yangu iko Dar. Mtoto wetu ana miaka minne. Tulibishana siku nne mfululizo, halafu tukahamia kwenye hatua mbaya zaidi, ile ya kutozungumza. "Umekula?" "Nimekula." Basi. Kwa hiyo nikamwambia twende wote, nikijidanganya kwamba upepo wa bahari utatusaidia.

KIJIJI CHA KUSINI

Tulivuka na boti ya Ijumaa, mtoto tukamwacha kwa bibi yake, na kutoka mjini Unguja tukashika barabara ya kusini. Wengi wetu Kizimkazi tunaijua kwa pomboo. Wengine wanaijua kwa msikiti wake wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi yanayoonyesha mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wachache wanajua kwamba kuanzia Julai hivi hadi Novemba, maji ya huko nje hupita wageni wakubwa kuliko hoteli waliyofikia watalii.

Ninamzungumzia nyangumi mwenye nundu. Anafikia urefu wa mita 15, uzito wa tani 30 kwake ni jambo la kawaida, na mapezi yake ya pembeni peke yake yana urefu wa karibu theluthi ya mwili. Kiangazi cha kusini anakula huko Antaktika, mlo wake mkubwa ukiwa viumbe wadogo mfano wa uduvi. Baridi ikianza anapanda kaskazini, safari ya zaidi ya kilomita 6,000, kuja kwenye maji yetu ya vuguvugu kutafuta mwenza na kuzaa. Huku hali chakula, au anakula kidogo sana. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Na kama amezaa, mafuta hayo hayo ndiyo yanayotengeneza maziwa ya mtoto aliyezaliwa na uzito wa karibu tani moja.

SAA TATU!

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa ufukweni. Nahodha, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliitikia shikamoo zetu, akatutazama viatu, akacheka. "Vueni, wanangu. Bahari haitaki raba." Tukaingia majini hadi magotini, tukapanda.

Dokta aligawa kazi. Boti ni kama uso wa saa, alisema. Omo ni saa sita, tezi ni saa kumi na mbili. Kulia ni saa tisa, kushoto ni saa tatu. Mimi nikapewa kushoto, mume wangu kulia, kijana msaidizi nyuma, Dokta mwenyewe mbele na darubini. "Usiangalie upande wa mwenzako," alituonya. "Ukiangalia wa mwenzako, wako haujaangaliwa na mtu."

Upepo wa kusi ulikuwa bado haujachachamaa, lakini mawimbi yalitosha kunilevya. Nilikuwa nimeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, namwomba Mungu chai na mandazi vikae tumboni, ndipo mume wangu akapiga kelele:

"Saa tatu! Saa tatu!"

Wote tukageukia kushoto. Nikakodoa macho. Maji matupu.

"Hamna kitu!"

"Huku! Saa tatu huku!" Alikuwa ananyoosha kidole kulia. Tulipogeuka, kilichobaki ni wingu dogo la mvuke likichanwa na upepo. Nyangumi alishavuta pumzi yake na kuzama.

"Si tumeambiwa kulia ni saa tisa?" nilimwambia.

"Kwa Kizungu ni tatu."

"Hapa kuna Mzungu gani?"

Nahodha akakohoa. Dokta hakusema neno, akafungua daftari lake akaandika muda, mahali, na maneno machache: pumzi moja, kulia, haikuthibitishwa. Mume wangu akageukia upande wake, nami wangu. Migongo ikatazamana kwa saa mbili nzima.

KUANDIKA "HAKUNA"

Kitu ambacho filamu za wanyama hazituonyeshi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kutoona. Kila baada ya nusu saa Dokta alifungua daftari: mahali tulipo, nguvu ya upepo, hali ya mawimbi, tulichoona. Na kwenye safu ya mwisho, mara nne mfululizo, neno moja: Hakuna.

Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. "Nikiandika siku za bahati tu," alisema, "nitadhani bahari imejaa nyangumi. Halafu wakipungua sitajua. Siku tupu nayo ni taarifa, ilimradi mtu alikuwepo akiangalia."

Na ana sababu ya kuhofia. Katika karne ya 20 meli za uwindaji ziliua zaidi ya nyangumi 200,000 wa aina hii katika bahari za kusini mwa dunia. Walipigwa marufuku kuwindwa huko mwaka 1963, wakati walishabaki wachache mno, na hata hivyo meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri. Kuanzia 1986 uwindaji wa kibiashara wa nyangumi wakubwa wote ukasimamishwa. Taratibu, kizazi baada ya kizazi, wameongezeka. Nyavu na meli za mizigo bado zinawatishia, lakini wanaopita Unguja leo ni watoto na wajukuu wa waliosalimika.

Saa nne nahodha akazima mashine. Dokta akateremsha maikrofoni ya majini kwa waya mrefu, akatupa visikizio. Jozi moja, watu wawili. Ikabidi tusogeleane, sikio moja langu, moja lake.

Mwanzoni ni mvumo tu, kama redio isiyo na stesheni. Halafu, mbali sana, sauti nzito ikapanda, ikalia kama mlango mkubwa wa mbao, ikashuka, ikarudia. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amefumba macho.

Dokta alieleza kwamba anayeimba ni dume. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika 20, naye akaurudia kwa masaa. Madume wa eneo moja huimba wimbo ule ule, na wimbo wenyewe hubadilika kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Wenzao wa Oman, ambao hawahami kwenda kusini bali hukaa Bahari ya Uarabuni mwaka mzima, wana wimbo wao tofauti.

"Na akishaimba, akampata jike?" nikauliza.

"Anakwenda zake. Malezi ni ya mama peke yake."

Nahodha alicheka mpaka akashika usukani. Mimi sikucheka. Nilimtazama mwenzangu, naye akavua kisikizio chake.

"Mimi si nyangumi," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ile saa tatu, na ndilo pekee nililohitaji kulisikia wiki nzima.

MAMA NA MWANA

Walitokea upande wangu. "Saa tatu!" nilipiga kelele, na safari hii wote waligeukia kushoto, mume wangu wa kwanza. Mgongo mmoja mpana, mweusi, na pembeni yake mgongo mdogo uliokuwa ukihangaika kufuata. Nahodha hakuwasogelea, alituweka mbali, mashine ikinguruma polepole bila kusukuma. Mama mwenye mtoto haandamwi. Ukimkimbiza, unamchomesha mafuta anayoyahitaji kwa safari ya kurudi.

Mtoto akaruka, mwili mzima nje ya maji, akaanguka kifudifudi kama mtu aliyekosea kupiga mbizi. Mara tatu. Kisha mama akakunja mgongo, akainua mkia, na kamera ya Dokta ikalia. Chini ya mkia kuna madoa meupe na meusi yasiyofanana na ya mwingine yeyote, kama alama za vidole. Picha ile italinganishwa na za nchi nyingine, na huenda siku moja ikajulikana mama huyu alishaonwa wapi.

Kwenye daftari Dokta aliandika: wawili, mama na mtoto, saa tatu. Halafu akampa mume wangu kalamu aweke saini pembeni kama shahidi.

Tukiwa njiani kurudi tulizungumza. Nilimwambia ninachoogopa si Dodoma, ni kubaki mimi peke yangu nikiangalia pande zote nne. Yeye akasema anaogopa kuwa mgeni kwenye nyumba yake, baba wa kuletewa habari. Hatukuwa tumeambiana hivyo katika siku nne za mabishano. Tulikuwa tunapigizana kelele "saa tatu", kila mtu na saa yake.

Jumatatu alijibu ndiyo. Ijumaa jioni anapanda treni kurudi Dar, na kila usiku kabla mtoto hajalala tunapigiana simu, hata kama hakuna jipya. Hasa kama hakuna jipya. "Leo?" "Hakuna. Kwako?" "Hakuna." Tunacheka, tunalala.

UKITAKA KWENDA

Wakati mzuri ni Julai hadi Oktoba, na asubuhi mapema kabla upepo haujakolea. Chagua nahodha anayekubali kukaa mbali na asiyekuahidi kwamba lazima utaona. Beba koti la mvua, maji ya kunywa na dawa ya kichefuchefu. Vaa kwa heshima ukipita kijijini. Na kabla boti haijang'oa nanga, kubalianeni kwanza: saa tatu ni upande gani?