Boito, Dishi Hutazama Utosini

Iwapo siku moja utajaaliwa kupiga kambi Boito, beba koti la mvua, sweta nzito na subira. Na kama unataka kutazama runinga ukiwa huko, nisikilize, maana sisi tulifunzwa na mtoto wa shule.

Ukitoka Kericho unashika njia ya Litein, kisha unaingia Konoin, Kaunti ya Bomet. Majani-chai yamefunika vilima kama zulia. Asubuhi kuna ukungu, alasiri mvua. Tulikuwa watatu katika matatu kuukuu tuliyoing'oa viti na kuweka godoro. Mzee mmoja, mkulima wa chai, alitupokea kwa "Chamgei" na bilauri za chai ya maziwa, akaturuhusu kuegesha uani, chini ya mkaratusi mkubwa.

Ilikuwa Ijumaa, Oktoba 11, 2019. Kesho yake Eliud Kipchoge angejaribu, mjini Vienna, kukimbia kilomita 42 na ushei kwa muda usiozidi saa mbili. Boma la Mzee liko bondeni, na runinga yake ya antena ilikuwa ikikwama kila mara. Nikamwambia, "Mzee, kesho utamwona kwenye yetu." Ahadi ni deni.

Asubuhi tulifunga dishi kando ya gari. Mwenzetu mmoja aliyewahi kupiga kambi Uingereza akalielekeza juu kidogo tu ya vilima, kama alivyozoea kule. Hakuna kitu. Saa tatu na robo mbio zikaanza. Mzee alikuwa tayari kigodani, majirani wamemzunguka. Tukageuza dishi kulia, tukageuza kushoto. Redioni tukasikia Kipchoge amepita nusu ya njia. Jasho likanitoka katika baridi ile.

Ndipo kijana mmoja wa shule akauliza, "Anko, mbona dishi lenu linatazama shambani? La jirani linatazama mbinguni."

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Sateliti za runinga hukaa juu ya ikweta. Uingereza iko mbali kaskazini, kwa hiyo huko huonekana chini, karibu na upeo wa macho. Lakini Boito haifiki nyuzi moja kusini mwa ikweta, na sateliti tuliyoitafuta iko nyuzi 36 mashariki, karibu sawa na Boito yenyewe. Basi iko utosini! Na utosini petu palikuwa na nini? Mkaratusi.

Tulilihamishia dishi mahali peupe, tukalilaza likitazama juu, tukalisogeza kidogo kidogo huku mmoja akisoma kipimo cha mawimbi. Picha ilitokea zikiwa zimebaki kilomita chache. Kipchoge alipomaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kina mama walipiga vigelegele. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani.

"Nilidhani nitasimuliwa tu," akasema.

Kwa hivyo, msomaji, ukifika huko usitafute kivuli kwa ajili ya dishi. Gari likae chini ya mti ukipenda, lakini dishi lipate uwazi juu yake. Mvua kubwa ikinyesha picha itakatika. Usiguse kitu, ngoja ipite. Ukitumia antena, kumbuka kwamba tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka wa 2015, runinga ya zamani huhitaji king'amuzi. Inua antena juu ya mlingoti na uielekeze zinakoelekea za majirani. Kilima kikikukinga, panda juu zaidi. Chukua runinga ndogo ya volti 12, na uwashe injini mara kwa mara, usije ukaamka na betri iliyokufa.

Zaidi ya yote, kabla ya kufungua kisanduku cha vifaa, uliza wenyeji. Mgeni ana macho makubwa, lakini haoni. Safari njema.