Mirathi ya Baba na Jina Tuliloliacha



Baba yetu alifariki bila kuacha wosia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kutunza kila risiti kwenye bahasha, lakini karatasi iliyohitajika kuliko zote hakuiandika. Alimwacha mama na sisi watoto watatu: dada, kaka, na kitinda mimba ambaye yuko seminarini akisoma falsafa. Huyo ndiye tuliyemwomba aandike haya kwa niaba yetu.

Mali yenyewe siyo kubwa: nyumba ndani ya kihamba hapa Kilimanjaro, shamba la mahindi kule tambarare, akiba kidogo benki na mafao yake ya kazi.

Tulipoanua matanga, ukoo ulikaa kikao. Baba mkubwa aliongea kwa upole. "Shemeji yetu hatafukuzwa," alisema. "Tutamtunza mpaka Mungu atakapomwita. Ila kihamba ni cha ukoo, na msimamizi awe baba yenu mdogo. Mambo ya mahakama yatatuvunja. Frateri anajua, Bwana Yesu mwenyewe alikataa kugawanya urithi."

Macho yote yakamgeukia Frateri. Frateri akanyamaza. Sote tulinyamaza, tukidhani kunyamaza ndiyo amani.

Wiki mbili baadaye tulikwenda benki. Tuliambiwa kwamba bila barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani haitoki hata shilingi moja, na ada ya chuo ya kaka ilikuwa inadaiwa. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, dada alisikia tangazo kwamba wasaidizi wa kisheria watakuwa parokiani. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watu hawa wanatambuliwa rasmi na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Tukaenda, na wao wakatupeleka kwa mwanasheria.

Mwanasheria alitueleza mambo ambayo tungependa kila familia ya parokia iyajue. Kwanza, msimamizi wa mirathi siyo mrithi wala mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wenye haki, kisha atoe hesabu mahakamani. Kwa utaratibu wa mahakama ya wilaya, orodha ya mali huwasilishwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Pili, mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema kwamba marehemu akiacha ndugu wa ukoo, fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake. Lakini kwa Mkristo aliyeishi maisha ya Kikristo, hutumika sheria ya urithi ya mwaka 1865 iliyotoka India, na hiyo humpa mjane theluthi moja, na theluthi mbili zinazobaki hugawiwa watoto kwa mafungu sawa, wa kike na wa kiume.

Tulifurahi. Haki ya mama ilikuwa imepatikana. Mwanasheria akachukua kalamu aandike majina ya warithi, akauliza, "Watoto wa marehemu ni hawa tu?"

Hakuna aliyejibu. Mama alitazama chini.

Baba alikuwa na binti mwingine nje ya ndoa. Leo ana miaka 14. Baba alimtambua na alimlipia ada, nasi tulilijua hilo kwa miaka mingi bila kulizungumza mbele ya mama. Siku ya mazishi binti huyo alikuja. Watoto wa marehemu walipoitwa kuweka mashada ya maua, yeye hakuitwa. Alisimama nyuma, kati ya majirani.

Tulitoka nje kujadiliana. Kaka alisema wazi kwamba akiingia yeye, mafungu yetu yatapungua. Dada alisema tusimtie mama aibu mahakamani. Frateri akapendekeza njia ya katikati: jina lisiandikwe, ila tutamsaidia ada, hatutamtupa. Tukaona ni busara.

Usiku huo ndipo maneno hayo yalipotusuta. Baba mkubwa alisema juu ya mama, "hatafukuzwa, tutamtunza." Sisi tulisema juu ya mtoto huyu, "hatutamtupa, tutamsaidia." Ilikuwa kauli ileile. Yeye alitaka kumpa mama hisani mahali pa haki yake, na sisi tulimfanyia hivyohivyo mtoto asiye na wa kumsemea. Darasani tunafundishwa na Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Frateri aliyajibu hayo vizuri kwenye mtihani. Nyumbani yalimshinda.

Tulimweleza mama. Alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne, akiwa anamenya ndizi, alisema, "Mwandikeni. Aliyekosa ni baba yenu, siyo mtoto."

Mwanasheria alituambia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Tulikubaliana fungu lake liwe sawa na letu. Mama na dada waliomba usimamizi, tangazo likatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, wadhamini wakapatikana. Mmoja wao alikuwa baba mdogo. Baba mkubwa hakuja, na Krismasi iliyopita hakula kwetu. Bado tunamwendea.

Injili aliyotutajia, Luka sura ya 12, tumeisoma tena. Ni kweli Yesu alikataa kuwa mgawanyaji. Lakini hapohapo aliwaonya watu wajilinde na choyo, na hakusema mjane wala yatima akae bila fungu lake. Choyo tulichokitafuta kwa baba mkubwa tulikikuta pia mezani kwetu.

Ndugu msomaji, kama una mali hata kidogo, andika wosia. Kwa anayejua kusoma, watosha mashahidi wasiopungua wawili, na wasiwe warithi. RITA hupokea na kuutunza. Na unapoandika, usimwache mtu kwa sababu jina lake linakutia aibu, maana aibu hiyo utawaachia watoto wako waibebe.

Likizo iliyopita mdogo wetu alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Tulikwenda naye kaburini, naye akaweka shada lake.

Mwombeeni baba yetu apumzike kwa amani, nasi tuombeeni tupatane na baba mkubwa.