Inua Kidogo, Kisha Vuta

Nairobi kila gari la abiria 14 ni nissan, hata likiwa limeandikwa Toyota mbele, nyuma na kwenye usukani. Nissan ya Senje, dadake baba, ni Toyota HiAce ya 2009. Ilishuka melini Mombasa 2016 ikiwa na miaka 7, mwaka mmoja tu kabla ya ile sheria ya miaka 8 kuifungia nje. Kwa hivyo hapa Kawangware mtu akikwambia amenunua gari mpya, anamaanisha gari iliyomaliza maisha yake ya kwanza kwingine. Ndani ya mlango wa hii yetu bado kuna kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna mtu amewahi kutusomea. Mimi huamua kwamba ilikuwa ya fundi wa mabomba. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, ndiyo maana mlango wa kuteleza ulikuja tayari ukiwa upande wa watu, na hakuna aliyehitaji kuuhamisha. Kilichobadilika ni hesabu. Yule fundi wa mabomba labda aliufungua mara kumi kwa siku. Mimi niliuhesabu Jumamosi moja ya Desemba, Kawangware hadi tao na kurudi, kwa njia ya Valley Arcade, Yaya na Hurlingham. Kufikia saa kumi jioni ulikuwa umefunguka mara 212.

Nilipata nafasi ya kuhesabu kwa sababu nilikuwa skwodi. Skwodi ni yule anayeshikilia kazi wakati dere au konda ameenda kula, kulala, au kuzika mtu. Konda mwenyewe ni binamu yangu, kifungua mimba wa Senje. Chuo kilikuwa kimefungwa, yeye alikuwa nyumbani na bega ambalo alisema alililalia vibaya, na mimi nikaambiwa nishike gari hadi apate nafuu. Mafunzo yangu yalichukua kama dakika mbili, yeye akiwa amekaa kitandani. Noti kubwa usichanganye na ndogo. Mlevi usibishane naye, mwache apande akalale. Na mlango, akasema, uko na tabia yake: inua kidogo, kisha vuta.

Hiyo "kidogo" ndiyo nataka kuizungumzia.

Mlango ulikuwa umeshuka upande wa nyuma, vidole viwili hivi. Ukiusimamia nje na kuangalia ule mkunjo wa bati unaotembea ubavuni mwa gari, uliona unafika mlangoni unazama, kama mstari wa mtoto asiye na rula. Kwa sababu umeshuka, loki yake haikukutana na chuma chake. Basi mtu alikuwa amefunga mkanda wa kiti kwenye pembe ya nyuma, kwa ndani. Watu wakimkumbuka John Michuki na zile sheria zake za matatu za 2004 hutaja vidhibiti mwendo, mstari wa manjano na mikanda. Mkanda mmoja wa kwetu ulikuwa umepewa kazi nyingine. Unasimama kwenye ngazi, mkono wa kushoto unazungusha ule mkanda kiganjani, unavuta juu, unatia bega chini ya mkono wako mwenyewe kama mtu anayebeba gunia, halafu unaburuta mlango mbele hadi usikie "tak". Usiposikia "tak", unarudia. Yote hayo gari likiwa limeshaondoka, kwa sababu dere hangoji mlango, anangoja kofi lako kwenye bati.

Siku ya kwanza niliona ni kaujuzi fulani, hata nikajisikia poa. Siku ya tatu nilishindwa kuvua shati. Nilikaa kitandani na shati limenifunika kichwa, mkono mmoja umekwama juu, na hapo ndani ya shati nikaelewa kwamba binamu yangu hakuwa amelala vibaya. Alikuwa ameshika ule mlango kwa karibu mwaka mzima.

Katika wiki hiyo hiyo ulifunguka wenyewe. Tulikuwa tunakata kona karibu na Valley Arcade, "tak" ilikuwa ya nusu, nami niliisikia ni ya nusu, nimeshanyoosha mkono kurudia. Msichana mdogo, kama miaka minane, alikuwa ameegemea mlango kwa sababu mamake alikuwa amepakata mwingine. Mlango uliteleza nyuma polepole, bila kelele yoyote, na pale palipokuwa na bati pakawa na barabara. Mama mmoja wa kiti cha pili alimshika sweta kwa nyuma. Mimi nilimshika mkono. Hakuanguka. Kwa muda gari zima lilinyamaza, halafu kila mtu akaanza kuongea kwa pamoja, na dere akaangalia kwa kioo akasema, "Si ni huo mlango tu. Unajulikana."

Neno hilo lilinikera kuliko matusi yote niliyotukanwa Desemba hiyo. Unajulikana. Kama jirani mwenye kelele.

Jioni nilienda kwa Senje kupeleka hesabu, 2,500, akaihesabu mara mbili kama kawaida yake. Nikamwambia mlango unataka fundi.

"Si umetengenezwa mara mbili mwaka huu?" akasema. "Risiti ninazo."

"Senje, leo mtoto angeanguka."

Alisikia. Lakini pia alikuwa na mkopo wa chama ambao haukosi Ijumaa, na Januari ilikuwa inakuja na karo za watoto wawili. Simlaumu. Mtu asiye na gari hudhani mwenye matatu ni tajiri. Mwenye gari moja ana deni lenye magurudumu. Gari ikilala siku moja, hesabu hakuna, lakini chama kipo. Akaniambia nile kwanza, tutaongea kesho. Nikanyoosha mkono kuchukua sahani juu ya kabati, ukagoma, nikabadilisha nikatumia wa kulia. Senje akaona.

"Bega lako lina nini?"

Nikamwambia ni mlango.

Hakusema kitu. Aligeuka akaangalia pazia la chumba ambamo binamu yangu alikuwa amelala saa moja ya jioni, na dawa ya kuchua inanuka hadi jikoni. Wiki mbili alikuwa akimchua mwenyewe, akimwambia abadilishe mto. Akazima jiko. "Kesho usiende barabarani," akasema. "Mpeleke kwa yule mzee wa Makina. Siyo hawa wa hapa."

Kwa hivyo tuliingia Ngong Road hadi Adams, tukakata kwa Toi, tukateremka Makina. Watu wa Kawangware huwa na dharau fulani kwa Kibera, na wa Kibera kwa Kawangware, na wote wawili wakipotea kwa mwenzake huomba njia kwa heshima. Mzee ni Mnubi. Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, na hao ndio waliopewa pale kukaa wakati bado ni msitu; jina lenyewe Kibera linatokana na neno lao la msitu. Gereji yake haina ukuta. Ina mti, mashine ya kuchomelea, viti viwili vya Probox, na yeye.

Hakugusa mlango kwanza. Aliufungua, akarudi nyuma hatua tano, akauangalia kama mtu anayeangalia picha ya harusi. Kisha akaniita. "Kijana wangu, weka mikono hapa chini, pembe ya nyuma. Inua."

Nikainua. Mlango ulipanda na kushuka kama jino linalong'oka.

"Hiyo unayoinua," akasema, "si mlango. Ni nafasi ya kitu hakipo."

Akanieleza. Gari lina matairi manne barabarani, na mlango nao una matairi yake, mahali patatu. Rola ya juu inauelekeza tu usipige kichwa huku na huku. Ya chini, iliyo kwenye mkono chini ya ngazi, na ya katikati, ile inayotembea kwenye reli ya nje ubavuni, hizo ndizo zinabeba. Mlango ukiwa wazi kabisa, uzito wote uko juu yao, na zenyewe si kubwa kuliko kifuniko cha soda. Halafu juu ya uzito wa bati na kioo ongeza konda anayening'inia, ongeza kila mtu anayepanda akiushika ajivute. Ya katikati ilikuwa imeisha ile plastiki ngumu ya nje, beringi imesagika, inatembea chuma kwa chuma. Reli ilikuwa imechimbika. Mahali kikono cha rola kilipofungwa mlangoni, bati lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umejaa kutu na grisi.

Halafu akaenda kwenye nguzo, akapangusa kile chuma kinachopokea loki, akacheka kwa pua. Rangi ilikuwa na alama ya mahali kilipokuwa zamani. Chini yake alama nyingine. Chini yake ndipo kilipokuwa sasa.

"Mara mbili," akasema. "Mmeletewa mlango umeshuka, mtu akashusha loki ikaufuate huko chini."

Hizo ndizo zilikuwa risiti mbili za Senje. Jamaa alifungua bolti mbili, akasukuma chuma chini, akakaza, akala pesa. Mlango unafunga vizuri wiki tatu. Rola bado imekufa, kwa hivyo mlango unashuka tena, safari hii ukiwa umezoea kuwa chini. Sijui kama ni wizi. Ukimwuliza atakwambia ulikuja ukisema mlango haufungi, na uliondoka unafunga.

Spea tulitoa Kirinyaga Road, ambako wazee bado huita Grogan. Mzee alikuja mwenyewe, kwa sababu alisema mimi nina uso wa kuuziwa. Alizungusha kila rola karibu na sikio, macho kafumba, akikataa tatu kabla ya kukubali moja. Ya katikati na kikono chake, kutoka Japani, 3,500. Ya chini 2,800. Kuchomelea na kazi yake, 2,800. Jumla 9,100. Senje alituma kwa simu bila kuuliza chochote, na hilo lilinitisha kidogo.

Kazi yenyewe ilichukua mchana mzima na nyingi ilikuwa ya kungoja. Alitoa matope ya reli kwa bisibisi na mafuta taa. Ufa aliufungua kwanza, akautoboa tundu dogo kila mwisho ili usiendelee kukimbia, kisha akauchoma na kuupa kiraka kwa ndani. Akafunga rola mpya bila kukaza, akaweka jeki chini ya mlango na ubao juu ya jeki, akaanza kupandisha robo zamu, robo zamu, akiangalia ule mkunjo wa ubavuni. Nilisimama mbali nikimwambia bado, bado, hapo. Mstari ukanyooka. Akakaza bolti, akaongeza washa moja nyembamba, akafungua na kufunga. Loki aliigusa mwisho kabisa. Aliirudisha juu, hadi kwenye alama ya kwanza.

Uliobaki ni ule mkanda. Aliukata kwa kisu, akaushika. Katikati ulikuwa mweusi unang'aa kwa jasho.

"Huu si wako," akaniambia. "Huyu ni mrefu kukushinda. Ameushika juu zaidi. Yuko wapi?"

"Nyumbani, Mzee. Bega."

"La kushoto," akasema, wala hakuwa anauliza.

Binamu yangu alienda hospitalini kabla ya Krismasi. Akaambiwa apumzishe bega wiki sita. Akapumzika tatu, kisha Januari ikafika. Kipindi hicho mimi niliendelea na gari, na mlango ulikuwa unafungwa kwa vidole viwili. Abiria wa kila siku waliupongeza. Kuna baba mmoja wa Yaya alishuka, akaufunga mwenyewe, akaufungua tena, akaufunga, huku dere akipiga honi.

Siku aliyorudi kazini nilipanda kama abiria, kiti cha mlangoni. Steji ya kwanza, watu wakaingia, akapiga bati, akapeleka mkono nyuma kwenye pembe, pale palipokuwa na mkanda, akakuta hewa. Bado bega likapanda. Akavuta mlango kwa nguvu zote za mwaka mzima, ukaruka ukagonga gari zima likatikisika, mtoto akaanza kulia.

"Konda, pole pole na mlango wa watu!" mama mmoja akafoka.

"Pole, mathe," akasema, akicheka, akijishika bega.

Steji iliyofuata akafanya vile vile.